Pepo Aliyetaka Mirungi

Msinione hivi leo. Nilikuwa mkwezi wa minazi hapa Msambweni, na mnazi niliupanda kama mtu apandavyo kitandani kwake. Baba alikuwa ameshatutoka. Mama alinitegemea mimi na ile minazi yetu. Nisipopanda, chungu hakitelekwi.

Uhuru ulikuwa mpya miaka ile, na sisi vijana tulikuwa na mengi ya kusema. Mirungi ililetwa na basi kutoka Mombasa, imefungwa kwa majani ya mgomba, nasi baada ya alasiri tuliitafuna barazani kwa chai yenye sukari tele. Lo, tulivyoijenga nchi pale! Barabara ya Kinango tuliitia lami, Vanga tukaipa bandari, yote kwa mdomo. Sikuona ubaya wowote. Sikusikia njaa wala usingizi, na kesho yake nilipanda kama kawaida.

Asubuhi moja nikiwa juu kwenye makuti, panga mkononi, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Mikono ikalowa jasho, pumzi ikakatika, miguu ikafa ganzi. Nikaukumbatia mnazi nikapiga kelele, "Mama, nakufa!"

"Shuka basi, ufie huku chini nikuone," akajibu. Alidhani natania.

Nilishuka nimechubuka kifua kizima. Tangu siku ile, nikiutazama tu mnazi, moyo unaanza.

Kwetu mtu akishikwa vile juu ya mti, husemwa ana pepo. Mama alimwita mganga, bibi mmoja wa Majoreni. Ngoma zikapigwa, nikafunikwa kaniki, nikafukizwa ubani. Desturi ni kumwuliza pepo anataka nini ili amwache mtu wa watu. Mwingine hutaka marashi, mwingine kitambaa chekundu, mwingine mbuzi.

"Ewe mgeni wetu," mganga akasema, "eleza haja yako."

Mdomo wangu ukajibu, "Mirungi."

Chekeni tu. Lakini wallahi sikuwa nikicheza, na hata leo sijui aliyejibu ni mimi au ni yeye. Mama, aliyekuwa akinigombeza kwa ajili ya lile baraza, sasa akawa anainunua mwenyewe. Kila Ijumaa aliiweka kwenye sinia kando ya chetezo cha ubani, akampa pepo shikamoo, akasema kwa adabu, "Karibu ule, bwana. Lakini niachie mwanangu."

Nami nilikula. Kadiri nilivyokula ndivyo moyo ulivyozidi. Kupanda niliacha kabisa. Kivuko cha Likoni kilinishinda, msikitini nikawa nasali karibu na mlango, na mtu akinigonga begani naruka kama niliyemwagiwa maji ya moto. Niliogopa mno, na nilichokiogopa sikukijua. Mama aliona pepo hajashiba, akaongeza mirungi.

Kisha mvua ya masika ikakata barabara. Basi halikuja, mirungi haikuja. Mama alitetemeka, akijua pepo atatuadhibu. Badala yake, baada ya siku chache za kichwa kuuma na ghadhabu zisizo na maana, nililala usingizi wa haki. Moyo ukatulia. Hapo nikafahamu, na tangu hapo sijatia tena mirungi kinywani. Mama nilimwambia tu kwamba mgeni ameridhika.

Ala, nilidhani na hofu itaondoka! Ilipungua tu. Ilikuwa imeshaijua njia ya nyumbani, ikawa inarudi itakapo, nami nikageukia kulima mihogo. Minazi yetu alipanda jirani, tukagawana naye nazi.

Mama alipokuwa mzee, mgonjwa wa kitandani, alitamani dafu la mnazi ulio nyuma ya jiko, ule uliopandwa nilipozaliwa. Jirani hakuwapo. Nikajifunga shuka, nikatia mguu kwenye vidato vilivyochongwa shinani, cha kwanza, cha pili, na moyo huo ukaanza. Nikabaki nimeushika mnazi, machozi yananitoka. Mama alikuwa akinitazama kupitia mlango wa uani.

Nilirudi mikono mitupu, nikaketi kando yake. Akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Yule mgeni, pengine nilimpa kidogo."

"La, mama," nikamwambia. "Ulimpa tele."