Jiwe la Mpaka Lililomezwa na Miiba

Siku ile naikumbuka, Mwanangu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vya kijani kwa majani ya sombe, kisamvu cha kwetu, simu ilipolia. (Naam, nimekuita Mwanangu. Wewe una miaka kumi na miwili, mimi kumi na saba. Mvi sina, lakini magoti yananiuma nikipanda ngazi za stesheni ya metro ya Schuman, kwa hiyo nivumilie.)

Tulikuwa jikoni kwetu Auderghem, hapa Ubelgiji, mimi na Kambo, mama yake maman, tukichambua majani tuliyonunua asubuhi kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi. Soko lile nalipenda na nalichukia. Pale pale stesheni ipo treni inayokwenda Uingereza kwa kupita chini ya bahari. Karatasi zetu za hapa bado hazijatoka, hivyo treni ile kwangu ni kama nyama kwenye dirisha la bucha. Macho hayana pazia, basi natazama.

Kwa nini Uingereza? Kwa sababu mimi, Mkatanga wa damu ambaye Lubumbashi naijua kwa picha za harusi tu, nyumbani kwangu ni parokia moja ya mashambani kule. Usicheke. Haya, cheka kidogo, kisha tuendelee. Maman alikuwa akimtunza mzee mmoja wa huko, tukaishi naye tangu nikiwa na miaka minne hadi kumi, tulipohamia hapa. Na usidhani ni parokia kama hizi za hapa, zenye kwaya tatu na ugomvi wa viti. Ile ilikuwa nyumba chache, kondoo wengi, na kanisa la mawe lenye mnara wa mviringo, dogo kiasi kwamba padri akipiga chafya waumini wote wanamwombea afya kwa jina lake. Makaburi yake yamelala chini ya mti mweusi ambao wazee walisema ulikuwepo kabla ya kanisa. Nyuma kuna malisho yenye matuta matuta. Hayo ni misingi ya nyumba za kijiji cha kale: tauni ilipita, watu wakaisha, majani yakafunika. Jioni jua likiinama unaona vivuli vya vyumba vyao. Nilikuwa nachagua chumba kimoja, nakaa ndani kimya, kama mgeni anayesubiri chai.

Simu ilikuwa ya Bibi Joan, jirani yetu wa huko. Alikuwa anahema. Tajiri mmoja amenunua shamba la parokia ya jirani, kesho mafundi wanakuja kusimika uzio, na kijia cha kwenda kwenye chemchemi anasema kiko upande wake. Ramani ipo, lakini mstari wake ni mnene kuliko kijia chenyewe. Lipo jiwe la mpaka ambalo lingemaliza maneno, ila limemezwa na miiba, na wazee waliolijua wamelala chini ya mti mweusi.

"Wewe uligongwa pale," akaniambia. "Unakumbuka ni wapi?"

Ngoja nikueleze kugongwa. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Kupaa, parokia nzima huutembelea mpaka wake na fimbo mkononi, na kwenye jiwe mtoto mmoja hupinduliwa kichwa chini, akagongeshwa utosi taratibu. Si adhabu. Ni ili asisahau, maana mzee atakufa na mtoto atabaki shahidi. Mwaka mmoja mtoto huyo nilikuwa mimi.

"Bibi," nikamjibu, "jiwe limechoka kusubiri. Limekuja kuomba hifadhi Ubelgiji, liko foleni nyuma yetu."

Hakucheka. Nikasikia upepo tu, kisha nikasikia anavuta kamasi.

Kambo Kiingereza hajui, lakini kimya anakijua. Akaweka majani chini.

"Ule mama iko analia?"

Nikamweleza habari ya jiwe. Akanikazia macho.

"Muntu anakuuliza njia ya kwabo, weye unamupa kuseka? Kila Jumapili pa gare unaangaliaka ile train sawa muntu ya njala, minakuonaka. Bon. Funga macho. Mupeleke ule mama."

"Nilisahau, Kambo."

"Weye! Unaogopa kulia, njo ile tu."

Nikafunga macho. Mwanangu, nilidhani nitakuta giza. Nikakuta lango la kanisa na baridi ya komeo lake. Nikamwambia Bibi Joan ashuke ile njia iliyozama, iliyochimbwa na mikokoteni ya karne nyingi hadi mizizi ya miti iko juu ya kichwa chako. Apite matuta, apite chemchemi, afuate ukingo wa shamba.

"Nimefika," akasema. "Lakini miiba ni mirefu kote."

Hapo nikakwama. Kisha utosi wangu ukakumbuka kabla yangu. Siku ile wote walikuwa wanalitazama jiwe. Mimi peke yangu, kichwa chini, nilikuwa natazama tulikotoka, nikaona mnara wa kanisa umekaa katikati ya mialoni miwili, kama mtoto kati ya wazazi wake kwenye benchi, na mbingu iko chini yao.

"Geuka," nikamwambia. "Tafuta mnara. Tembea hadi mnara uingie katikati ya mialoni miwili."

Nikasikia buti zake kwenye tope. Nikasikia anaitukana miiba, matusi ambayo sitakuandikia. Kisha fimbo: chwaa, chwaa, chwaa. Ko!

Akaligonga tena, ko, ko, kama anayebisha hodi.

"Usikate," nikamwomba.

Akaiacha simu juu ya jiwe, akaenda kuita majirani waje kushuhudia. Nikabaki na kunguru, na kondoo mmoja mwenye kikohozi, na upepo ninaoujua. Nililia, Mwanangu, na sikuwa na mzaha hata mmoja. Kambo akaendelea kuchambua sombe polepole, jani moja moja, bila kelele, ili nisikie.

Basi nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini hawakusema kwao lazima pawe alipozaliwa babu yako. Mahali ulipo sasa, hata kama ni ngazi za ghorofa yenu na lifti inayonuka, patazame vizuri, maana siku moja mtu atapotea pale na atakuuliza wewe. Akikuuliza, mpeleke kwanza, mengine baadaye. Utani ni chumvi, nami siuachi, ila usiufanye mfuniko wa chungu. Na ukipatamani mahali, sema unapatamani. Hakuna aliyekufa kwa kusema.

Mungu akujalie mahali pa kupatamani, hata padogo, na miguu ya kupafikia. Na miguu ikichelewa, akujalie mtu wa kukaa karibu nawe bila kusema neno.