Rula ya Mkenya

Nilimchukia mwanamume yule tangu siku ya kwanza, naye hakunipenda. Bosi wetu alilijua hilo, na ndiyo maana akatukalisha meza moja.

Matbaa yetu iko mtaa wa Najma, huku Ghuba, nyuma ya duka la mapazia. Bosi ni mzee wa asili ya Unguja aliyezeekea huku huku. Ujanani alipanga herufi za madini ya risasi moja moja. Hakuchoka kutuhubiria kwamba zamani, kabla kitabu hakijachapwa, mtu mmoja alisoma mswada kwa sauti na mwingine akafuata kwa jicho karatasi ya majaribio, akitafuta makosa.

"Na wasiwe marafiki," alisema. "Rafiki husitiri. Adui haachi kitu."

Maneno matupu, ya mtu asiyelazimika kutazamana na Mkenya yule kutwa nzima. Yeye alisoma, mimi nilifuata. Jicho langu likihama kidogo tu, aligonga meza kwa rula na kurudi mwanzo wa aya. "Madam, uko wapi? Si uskize basi!" Nami nilimjibu kwa maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenifinya.

Kisha mama akafariki, Tanga, na ruhusa ya kusafiri nikanyimwa. Nikaja kazini. Siku hiyo tulikuwa na kijitabu cha wafanya usafi wa hoteli, wengi wao watu wa kwetu, kuhusu dawa za kusafishia vyoo. Nililia juu ya karatasi. Mkenya hakugonga meza. Alisoma polepole mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Kijitabu kikachapwa bila mstari unaokataza kuchanganya dawa mbili. Bosi aligundua maboksi yakipakiwa kwenda kwa wafanyakazi hao, Umm Salal. Akayarudisha yote, akatuita wote wawili, akaniambia:

"Huyu kakuonea huruma. Watu wangevuta sumu! Ikitokea tena, nakurudisha kwenu."

Wanangu wawili walikuwa wakisoma kwa mshahara wa kazi ile.

Asubuhi yake nilitegemea angalau aniambie pole. Sijakaa sawasawa, rula ikalia.

"Madam, hapa si matanga. Fungua macho."

Nilitamani kumchapa nayo. "Soma, shetani wewe," nikamwambia.

Akasoma. Machozi yakanijia, akagonga, akarudi mwanzo wa aya. Yakanijia tena, akagonga tena, bila kuniangalia usoni. Hadi adhuhuri tulikuwa bado kwenye ukurasa ule ule, na hakuniacha nipitwe na mstari hata mmoja.