Mwanzilishi wa Kwaya ya Kinyozi

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi wetu wa mtaa wa Sanyuanli, huku ughaibuni, pale wanaume wanapoimba kwa sauti nne wakisubiri kunyolewa. Siku hizi ni klabu kamili, ina hadi sare iliyoshonwa kwa mafundi cherehani wa Kangle. Nikauliza nani aliianzisha.

“Mimi,” alisema Mzanzibari wa sauti ya kwanza. “Kasida nimeanza mdogo.”

“Weye?” Mkongomani wa besi aliruka kitini, kichwa nusu kimenyolewa. “Non, papa! Kwaya ni sisi tulileta!”

“Tulieni,” kinyozi akasema. “Leo nina mashine mpya, haina kelele.”

Akaiwasha, nao wakaanza kuimba. Lahaula! Kila mtu na njia yake. Wakarudia, ikawa mbaya zaidi.

“Rudisha ile ya zamani!” besi akapiga kelele.

Kinyozi akaitoa kwenye droo. Ikanguruma, na sauti zote nne zikakaa mahali pake papo hapo. Mwili ulinisisimka! Kumbe miaka yote wamekuwa wakichukua sauti ya kuanzia kwenye mngurumo wake.

Ubishi wa historia umekwisha. Wiki hii mwanzilishi anashonewa sare, ndogo, yenye tundu la kupitishia waya.