Mchele wa Kapiteni

Juzi nilikwenda Nyamirambo kwa fundi wangu wa nguo, nikamkuta yeye na vijana wake wakisikiliza redio. Habari ilikuwa ya mchezaji mmoja wa nchi za mbali, nyota anayejulikana kila mahali, aliyekutwa akivuta asichotakiwa kuvuta. Vijana walisimamisha vyerehani. Mmoja alitaka afungiwe maisha. Mwingine akasema akimwona njiani atamtemea mate, na nakuambia, huyo wa kutema mate alikuwa amevaa jezi ya mchezaji huyohuyo, jina limeandikwa mgongoni. Nilikaa kwenye benchi nikingoja sketi yangu, na badala ya redio nikawa nasikia mchele ukipepetwa kwenye ungo.

Sauti hiyo ni ya barazani kwa Bibi, mama yake baba, aliyenilea katika mtaa huohuo miaka ya sabini. Baba yake alifika huku na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, akasahau njia ya kurudi. Bibi alirithi kwake ukali na pilau. Kila Ijumaa baada ya sala, timu ya mpira ya mtaa wetu ilikula uani kwetu. Mtaa mzima ulichangia, huyu mchele, yule nyama, na Bibi akapika, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupika mbele yake. Sisi wasichana wa nyumbani tulichambua mchele, tukatwanga jira na pilipili manga, tukapuliza moto hadi machozi yakatutoka. Vidole vyangu vilinukia jira mpaka siku ya shule.

Wanaume walikula uani, wamezunguka masinia. Wanawake tulikula ndani. Bibi hakugusa chakula mpaka masinia yarudi. Alilipokea kila moja, akaliinamisha kwenye mwanga, na akikuta limebaki na karafuu tu, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Sinia tupu ndiyo asante pekee aliyoitaka.

Aliyekula kuliko wote alikuwa Kapiteni, nahodha wa timu. Jina lake la nyumbani alikuwa nalo, lakini nani alilitumia? Alikuwa yatima, amepanga chumba huko Nyakabanda, na alipopanda kwetu kinyozi aliwaacha wateja na nusu ya ndevu ili amsalimie. Jirani yetu mwenye butike, duka lililokuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yetu, alitundika picha yake juu ya masanduku ya sabuni. Siku za mechi nilikuwa nikipanda ukuta wa duka hilo, na kelele za uwanjani zikipanda nilijua ni yeye kafunga, nikaruka chini kumwambia Bibi. Yeye alijibu kwamba mimba za wanawake zitaharibika kwa kelele hizo, huku akitabasamu.

Halafu asubuhi moja zikafika habari kwamba Kapiteni amekamatwa na urumogi. Hilo ndilo jina la bangi kwetu. Alilala kasho, mahabusu ya polisi, pamoja na wavutaji wenzake, akatoka amenyolewa kichwa.

Nimeona mambo mengi tangu siku hizo, lakini sijasahau jinsi mtaa ulivyogeuka kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mwenye butike alishusha picha, ukutani pakabaki mraba mweupe uliotazamwa kuliko picha yenyewe. Kinyozi akaapa kwamba yeye alijua zamani, kwa sababu aliyaona macho ya Kapiteni kwenye kioo, mekundu. Basi kila mtu akawa ameyaona macho hayo. Kila goli alilokosa sasa lilikuwa na maelezo. Mwalimu wa madrasa alitusomesha kuhusu vileo wiki nzima bila kumtaja, na watoto tukatoka hapo tukimtaja kwa kuimba. Hajji, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa mkubwa wa timu, alitangaza kwamba kabla ya mfungo wa Ramadhani wazee watakaa na kumtoa kwenye timu.

Ijumaa iliyofuata Kapiteni alikuja kula. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo huo. Alisalimu, akanawa, akaketi kwenye sinia lake la siku zote. Aliyekuwa kulia kwake akakumbuka shughuli. Wa kushoto akahamia sinia jingine. Wengine wakainuka mmoja mmoja, akabaki peke yake na mlima wa pilau. Alimeza matonge machache, akanawa tena, akaondoka ameinamisha kichwa chake kile kilichonyolewa.

Mimi ndiye niliyelibeba sinia hilo jikoni. Lilikuwa zito. Bibi alilitazama bila kuliinamisha, maana hapakuwa na haja. Nadhani wanaume wale walidhani wamemwaibisha mvuta bangi. Hawakujua kwamba kwa mwanamke yule, wali kurudi ni tusi, na tusi hilo walikuwa wamempelekea mpishi. Alijifunga kanga kiunoni, akatoka uani walikokaa wanaume, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hajji, wali wangu umerudi."

"Bibi, hatukukataa wali," Hajji akasema kwa upole. "Tumemukataa muvuta bangi."

"Bangi ni uchafu, mimi sikatai. Lakini huyu mutoto iko wetu. Akifunga goli iko wa mutaa, akikosea iko wa nani? Munasema macho yake mekundu. Basi kesho ataketi hapa kwangu, mchana, kila mutu aje aangalie."

Alifanya hivyohivyo. Alikwisha kuchunguza kwamba saa mbaya ya kijana yule ilikuwa alasiri, mazoezi yakiisha na chumba kikimngoja kitupu. Saa hiyo akaichukua yeye. Kila alasiri Kapiteni aliketi barazani kwetu, ungo mapajani, akichambua mchele mbele ya barabara nzima. Kazi ya wasichana! Watu walipita wakicheka waziwazi. Wengine walisimama, wakainama, wakamchungulia macho kweli. Yeye alitoa mawe na makapi, na Bibi, ameketi kando yake akimenya vitunguu saumu, aliwauliza wapitao kama wameona vizuri au awaletee taa.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda sawa. Hasira zilimpanda, mara moja alimwaga ungo mzima akauokota tena punje kwa punje. Na ikafika alasiri ambayo hakuja. Bibi alingoja kidogo, akanitwika ungo, tukateremka Nyakabanda. Mlango ulikuwa umefungwa na harufu ya urumogi ilikuwa inatoka chini yake.

"Toka, mwanangu," Bibi akasema. "Mchele iko na mawe."

"Niache, Bibi. Watu wamekwisha nichoka."

"Mimi sijachoka. Toka."

Alitoka, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani Bibi atampitisha vichochoroni tufike nyumbani bila kuonekana. Alimpandisha kwa barabara kubwa, jua likiwaka, mbele ya kinyozi, mbele ya mafundi, mbele ya butike. Mwenye butike alisema kwa sauti kwamba sasa wote wameona. Bibi hakupunguza mwendo.

"Ndiyo, mekundu," akamjibu. "Na kesho mukuje muangalie."

Nilimpenda Bibi siku zote, lakini siku hiyo nilijivunia kuwa damu yake, nikatembea na ungo wangu kichwani nimenyoosha shingo.

Kesho yake walikuja, na siku zilizofuata. Ila mtu huchoka kuchungulia macho ambayo hayana kitu. Wakaanza kuuliza juu ya mechi, juu ya goti lake, wakaketi. Fundi mmoja alichota mchele kiganjani akawa anachambua huku akizungumza, akashtuka alipotambua anachokifanya. Hajji alipita, kisha akapita tena.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, siku ya uamuzi. Kapiteni aliketi kwenye sinia lake na nafasi zilizomzunguka zikabaki wazi. Wenzake walisimama wakitazamana. Ndipo Bibi alipotoka jikoni, akakunja kanga yake, akaketi kwenye sinia la wanaume bega kwa bega na kijana yule. Akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akala. Wa kwanza kuwafuata alikuwa jirani mwenye butike, na sidhani kama alikuwa amesamehe. Hakuweza tu kustahimili kumwona mama wa mtaa akila hivyo peke yake na kijana mmoja. Akaketi. Kisha kinyozi, kisha wengine, mpaka mikono ikagongana.

Hajji aliamua kwamba kijana atabaki katika timu, ila ukapiteni apewe mwingine. Sisi tuliendelea kumwita Kapiteni. Sikuambii kwamba hakuvuta tena maishani. Bibi mwenyewe hakupata kuapa hivyo. Kapiteni alichambua mchele wetu miaka mingi, na Bibi alipofariki yeye alikuwa mbele kati ya waliobeba jeneza.

Baraza ile haipo sasa, wamejenga maduka ya simu. Wengi waliozunguka masinia yale hawapo, na kama unaijua nchi hii hutaniuliza. Jira nanunua imesagwa tayari, kwenye pakiti. Lakini ningali nauona mkono wangu mdogo ukilipokea sinia Ijumaa ile, kwa kuwa mpishi alikuwa bado uani kati ya wanaume. Nililiinamisha kwenye mwanga kama alivyofanya yeye. Ilibaki karafuu tu.

Fundi alinipa sketi yangu. Kabla sijatoka nilimgeukia kijana mwenye jezi, nikamuuliza huyo mchezaji wao leo anakula na nani. Akapunguza redio.