Unga wa Magoti

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu baba yangu alikuwa na furaha. Magoti yaliyomtesa miaka mingi yalikuwa yametulia. Rafiki yake, mzee wa kanisa aliyeuza dawa za miti shamba pale Gatitu, alikuwa amempa unga wa mizizi, na sasa baba alishuka kwenye shamba lake la kahawa na kupanda tena bila fimbo.

Mimi nilikuwa msichana wa chuo, nasoma kemia Nairobi. Nafuu ile ilinitia shaka, maana ilikuja upesi mno. Wiki chache kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa nimechota unga kidogo, nikaupeleka maabara, kwenye mashine inayoitwa NMR.

Nikueleze kidogo. Kitu unachotaka kukijua unakiyeyusha, unakitia katika mrija mwembamba wa kioo na kukiteremsha ndani ya sumaku yenye nguvu sana. Mashine hukipiga kwa mawimbi ya redio, na viini vya atomi hujibu, kila kimoja kulingana na atomi zilizokizunguka. Majibu hayo huchorwa kama vilele. Walioianza walitaka tu kujua tabia ya viini. Wanakemia wakaona inaweza kutambua dawa, na hospitali zikapata MRI, binamu yake, inayopiga picha za ndani ya mwili.

Basi vilele vya unga ule havikuwa vya mizizi tu. Tulivilinganisha na vya dawa ya maumivu ya kiwandani, vikalaliana sawasawa. Ni dawa ile inayochubua tumbo ukiimeza ovyo.

Jumapili hiyo wageni walikuwa wamejaa sebuleni, na muuzaji mwenyewe akiwemo. Sikungoja.

"Baba, umedanganywa. Huyu mzee anakuuzia vidonge vilivyosagwa."

Baba akanitazama. "Ati umetoka Nairobi kunichagulia marafiki?"

Akakoroga kijiko cha unga katika uji wake, akanywa mbele yetu sote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi Jumatatu nilirudi chuo nikijisifu moyoni kwamba nilikuwa na haki.

Kabla ya mavuno, baba alitapika damu. Nilipofika hospitali Nyeri, alikuwa ameshatuacha.

Baada ya mazishi, tata Wangeci, dada ya baba, aliniita nyuma ya nyumba.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, tata. Nilimwambia."

"Ulimwambia ameibiwa. Ulimwambia itamuua?"

Nikatikisa kichwa.

"Ya kuibiwa ilimwaibisha mbele ya watu," akasema. "Hii ya tumbo angeisikia. Mkiwa wawili tu, jikoni, angeisikia."

Na yule muuzaji, mwanangu, yeye mwenyewe alikuwa akiunywa unga ule. Aliununua umeshasagwa, hakujua. Alilia kaburini kuliko sisi.

Nimezeeka katika maabara. Nimepima asali iliyotiwa sukari na dawa bandia za kila aina, na kila jibu likitoka namkumbuka baba na kikombe chake. Kwa hiyo soma, usiogope kujua. Lakini ukishajua, usimshindanishe mtu na ukweli mbele za watu. Mkalishe kando, anza na lile litakalomwokoa, na akikasirika usiondoke. Rudi kesho umwambie tena.

Mungu akujalie macho makali na ulimi mpole, na wale unaowapenda wakusikie wakiwa bado hai.