Ng'ombe wa Udongo wa Mwalimu Modesta

Mwalimu Modesta alizaliwa Muleba, katikati ya migomba, na hadi alipofika umri wa kuolewa hakuwahi kumsogelea ng'ombe kwa karibu kuliko upana wa barabara. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu masaibu yote yaliyompata hapa Buswelu, kwa Wasukuma wafugaji, yana asili yake hapo.

Kituo chake cha kulelea watoto mchana kiko nyuma ya nyumba yangu, chini ya mwamba ambao majirani huanikia mihogo. Watoto huachwa hapo asubuhi na mama zao waendao sokoni. Hunywa uji, huimba kwa sauti ambayo sitaizungumzia, kisha hulala. Modesta aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, na kwamba mchezo usipofika nyumbani kwao, elimu yake huishia mlangoni. Kwa hiyo alianzisha utaratibu: kila Ijumaa mtoto alichukua kitu kimoja cha kuchezea akacheze na wazazi wake, na Jumatatu akirudishe.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Waliouharibu ni wazazi. Malori ya maboksi yaliachwa nje yakanyeshewa. Mwanasesere wa matambara alifuliwa, akaanikwa, akaondoka na mbwa. Baba mmoja aliuchukua mpira uwanjani na hadi leo anadai mechi haijaisha. Kilichosalia ni kundi la ng'ombe wa udongo ambalo Modesta alilifinyanga mwenyewe, mmoja wao akiwa na nundu kwenye makalio, kwa kuwa mfinyanzi hakuwa na uhakika wa mahali pake. Kundi hilo lilipokuja kuwa zamu ya Gladness, binti wa miaka minne, Modesta alilipeleka kwao kwa mikono yake, akiogopa lisivunjike.

Nyumbani kwa Gladness anaishi babu yake, Mzee Ngosha, mfugaji aliyeuza ng'ombe wake wote alipohamia mjini kwa mwanawe, na ambaye tangu siku hiyo alikuwa akikaa barazani akiitazama lami kama mtu aliyetukanwa.

Jumatatu ng'ombe hawakurudi. Jumanne akaja Bernadeta, afisa ustawi wa jamii wa kata yetu, mwanamke asiyecheka kazini.

"Vyoo nimeviona, maji nimeyaona," alisema. "Watoto wanachezea nini?"

"Vitu viko majumbani, mama."

"Majumbani si kituoni, mwalimu. Alhamisi nitarudi. Nikiikuta rafu hii tupu, nafunga."

Jumatano Modesta alikwenda mbio kwa Mzee Ngosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Usipite upande huo, wanakunywa maji."

Kweli, ng'ombe walikuwa wamezunguka sufuria.

"Mzee, nimewafuata ng'ombe wangu."

"Haiwezekani. Yule mwekundu ana mimba."

"Mzee, ni wa udongo!"

"Ndiyo maana imechelewa."

"Mwalimu, punguza sauti," Gladness alinong'ona. "Unamshtua."

Hapo Mzee Ngosha alimfundisha Modesta kile ambacho mtoto yeyote wa Kisukuma angemwambia: mtu akikuletea ng'ombe nyumbani uwatunze, maziwa ni yako, na wakizaa unapewa ndama, wala mwenye mali haji kuwaondoa ghafla.

"Uliwaleta mwenyewe, mbele ya mkwe wangu. Sasa unakuja kuwaswaga kama mwizi?"

"Niliwaleta wachezewe, mzee, wasipokuwepo kesho kituo kinafungwa!"

"Nyinyi watu wa migomba mna haraka. Haya, kesho asubuhi nitawaleta. Lakini akizaa usiku huu, ndama mmoja ni wangu."

Modesta alikubali, kama mtu anavyomkubalia mwenye homa.

Alhamisi jua lilipanda, rafu ikabaki tupu. Tulisikia honi nyingi upande wa barabarani. Modesta akapanda juu ya mwamba kutazama, nami nikamfuata kwa kadiri magoti yangu yalivyoruhusu. Katikati ya barabara alisimama Mzee Ngosha na fimbo yake. Miguuni pake ng'ombe wa udongo walikuwa wakivuka, kila mmoja akisogezwa shubiri moja na Gladness, kisha mwenzake, kisha mwenzake. Pande zote mbili pikipiki na lori la matofali vilikuwa vimesimama.

"Mzee, wabebe kwenye kapu basi! Nina abiria!" dereva wa bodaboda alipiga kelele.

"Ng'ombe hawabebwi, wanatembea. Na honi ya nini? Mama yako hakutolewa mahari ya ng'ombe?"

Kijana akazima pikipiki. Abiria wake akashuka. Alikuwa Bernadeta.

"Basi, nimekwisha," alisema Modesta, akakaa juu ya mihogo ya watu.

Bernadeta aliwatazama ng'ombe kwa muda. Kisha akachuchumaa, akamwamkia mzee kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu."

"Hawa ni wa nani?"

"Wa mwalimu. Mimi natunza tu."

"Na hawa wadogo?"

"Mwekundu amezaa mapacha usiku," alisema Gladness. "Babu alinawa mikono."

Afisa alimgusa ndama mmoja. "Mbona bado mbichi?"

"Ndama gani aliyezaliwa mkavu?" aliuliza Mzee Ngosha.

"Kumbe wewe ndiye unayecheza na mtoto huyu nyumbani?"

Mzee aliudhika waziwazi. "Sichezi. Nachunga."

Bernadeta, asiyecheka kazini, aligeuza uso kwa kitambo, mabega yakimtikisika. Kisha akaita kuelekea mwambani: "Mwalimu, shuka! Hakuna wa kufunga kituo hapa. Ila niambie, huyu mwenye nundu kwenye makalio ni wa wapi?"

"Wa Muleba," alijibu Mzee Ngosha.

Kituo kiko wazi hadi leo. Mzee alichukua ndama wake, lakini akagoma kabisa kuwaacha wengine walale rafuni bila mchungaji. Hivyo usiku hulala nao kwake, na kila asubuhi hufika nao kabla ya uji, huwapeleka malishoni pamoja na watoto wote, na kuwafokea ng'ombe na watoto bila upendeleo. Wiki hii anasema mwekundu ana mimba tena. Modesta ameshaloweka udongo kwenye beseni kando ya mlango, na kila jioni, binti huyo wa migombani huinama, humpapasa ng'ombe ubavuni, hutikisa kichwa na kusema, "Bado, mzee."