Siku Niliyowapeleka Wakwe Kuona Viboko

Nilianza kutaabika mwaka wa 1971 nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki nikatolewa darasa la pili nikapewa kasia, na tangu hapo nimelala njaa, nimefukuzwa na viboko, nimehamishwa na mafuriko, lakini hakuna kilichonivunja uso kama siku niliyowatembeza wakwe zangu nikiwa nimevaa suruali ya suti.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa delta ya Tana, na sioni haya kusema hakuna anayeijua kunishinda. Ukija Garsen nitakwambia: njoo mvua zikishapita, beba maji yako, Waorma wakikupa chai ya maziwa usiikatae, na mahali mto ulipokauka fuata walipokanyaga ng'ombe, maana tope la huku hukauka juu tu, chini ni uji. Nimewaambia wageni wangapi! Mimi mwenyewe nikasahau.

Watu wa kwao mchumba wa binti yangu Rehema walikuja kutoka Taita kututazama. Rehema akanivuta jikoni. "Baba, huyu ndiye niliyempenda. Leo kaa tu sebuleni, tafadhali." Nikakaa, soda moja, halafu mama wa kijana, Mama Saru, akasema hajawahi kuona kiboko maishani. Jamani, ningefanyaje? (Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikajifanya sikuhisi.)

Tukaenda hadi ziwa dogo nyuma ya Minjila. Njia ya ng'ombe ilizunguka mbali, na viboko nawaona pale mbele, nikasema tukate hapa katikati.

"Baba Rehema," akauliza Mama Saru, "mbona ng'ombe wamezunguka?"

"Mama, ng'ombe hawana haraka."

Hatua chache tu ardhi ikanimeza hadi kiunoni, na kila nikipiga miguu nazidi kuzama, wakwe wamesimama wananitazama kama ninauzwa mnadani. Kwa bahati nzuri Galgalo alikuwa karibu, mfugaji wa Kiorma, rafiki yangu wa miaka mingi, akaja na kamba ya kuvutia ng'ombe waliokwama (lakini alicheka kwanza, akashiba).

"Wewe mzee, tulia! Ng'ombe yangu iko na akili kushinda wewe."

Akanipitishia kamba kwapani, akanibembeleza kwa sauti ileile ya kubembelezea ng'ombe, yeye na wanaume wa kina Mama Saru wakavuta, nikatoka. Suruali haikutoka.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya, hata kukohoa mbele yake unakohoa kwa adabu, na mimi nimesimama na shati na tope. Kisha nikaona mkono: Mama Saru amenigeuzia mgongo, ananinyooshea leso yake kwa nyuma.

Nyumbani nikajifungia chumbani. Nilimsikia Rehema akilia jikoni, nikajua nimemvunjia ndoa, na mimi niliyejenga nyumba ile kwa mikono hii nikashindwa kufungua mlango wake. Mama Saru akaja akasimama nje.

"Baba Rehema, toka ule. Mimi nilifumba macho."

"Ulifumba saa ngapi?"

"Mapema. Hata hao viboko sikuwaona. Kwa hiyo itabidi turudi, na tukirudi tutakuja na wazee wa mahari."

Nikatoka. Nilikula huku nimeinamia sahani, lakini nilikula, na Rehema ndiye aliyeniongezea mchuzi.

Tangu siku hiyo nimeapa: mkwe akisema hajaona kiboko, namwonyesha picha.

Leo nina nyumba ya bati Minjila, kiwanja Garsen, mitumbwi miwili, mahema ya wageni, mbuzi. Nina mkwe Taita anayenipigia simu kuuliza kama nimekula. Na nina mjukuu wa kike, amelala kifuani mwangu sasa hivi, ndiyo maana haya nayaandika polepole, kwa mkono mmoja.